Matairi Makubwa kwenye Pikapu ya Zamani ya Kupanda Mawe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu pikapu nyepesi za zamani zenye 4WD ya kuingiza kwa mkono na springi za mabamba. Mfano unaojirudia ni Toyota Hilux yenye ekseli ya kipande kimoja mbele, maana ndiyo inayofanyiwa kazi hii mara nyingi. Hesabu zenyewe hazibagui gari.

Nifunge tairi la ukubwa gani?

Kwa pikapu iliyotoka kiwandani na tairi la inchi 29 hivi, inchi 31 huingia kwa usumbufu mdogo. Inchi 33 ndiyo saizi ya kazi: inapanda mawe ya maana, na ekseli za kiwandani huivumilia dereva akiwa na adabu. Inchi 35 ni mradi mwingine kabisa. Hapo unabadilisha krauni na pinioni (gia za ndani ya difu, lile boksi lililo katikati ya ekseli), unaimarisha jointi za mbele, unagusa usukani na breki, na bado utabeba vipuri kila safari.

Watu wengi huchagua tairi kwa kuangalia nafasi iliyopo chini ya madigadi. Nafasi hupatikana kwa grainda ndani ya saa moja. Kinachopaswa kuamua saizi ni gia za difu, uimara wa ekseli na nguvu za usukani.

Namba za tairi nazilinganishaje?

Chukua 265/75R16. Upana ni milimita 265, ubavu ni asilimia 75 ya upana huo, yaani milimita 198.75, na rimu ni inchi 16, sawa na milimita 406.4. Kipenyo ni mbavu mbili pamoja na rimu: milimita 803.9, karibu inchi 31.6. Kwa hesabu hiyohiyo 235/75R15 ni inchi 28.9, 285/75R16 ni inchi 32.8, na 315/75R16 ni inchi 34.6.

Tairi lililoandikwa 33x12.50R15 limeshakupa jibu: kipenyo inchi 33, upana inchi 12.5, rimu inchi 15. Ila namba ya ubavuni si kipimo cha tairi lililobeba mzigo. Likishafungwa na gari kukaa juu yake, urefu kutoka ardhini hupungua, na matairi ya saizi moja kutoka viwanda viwili yanaweza kutofautiana. Kabla ya kukata chochote, pima tairi lenyewe.

Kwa nini nisiinue springi tu nikaacha matairi yaleyale?

Kwa sababu springi huinua chesisi na bodi tu. Difu inabaki palepale, na difu ndiyo inayogonga jiwe kwanza. Kinachoinua difu ni tairi, nalo hutoa nusu ya ongezeko la kipenyo. Kutoka inchi 28.9 hadi 33 unapata inchi mbili hivi, yaani sentimita 5, chini ya difu. Zinasikika chache, lakini kwenye mawe ndizo zinazotenganisha kupita na kukwama. Tena tairi kubwa hupanda ukingo wa jiwe kwa urahisi zaidi kuliko dogo.

Gari liinuliwe kiasi gani?

Kidogo kadiri inavyowezekana. Kila inchi ya kuinua hupandisha uzito juu, na kwenye mteremko wa ubavu gari la juu hupinduka mapema. Kwa inchi 33 kwenye Hilux ya ekseli ya kipande kimoja, springi za inchi 3 hadi 4 pamoja na kukata madigadi kidogo hutosha. Wapo wanaopita na inchi 2 tu, ila wanakata zaidi na kuongeza urefu wa raba za kizuizi ili springi isibonyee mno. Hilo la pili huzaa gari zuri zaidi, mradi huoni uchungu kukata bati.

Usiweke bloku kati ya ekseli ya mbele na springi. Ukifunga breki kwa nguvu, bloku inaweza kuchomoka. Nyuma zinavumilika, lakini hufanya springi ijikunje ukikanyaga mafuta na magurudumu yakaanza kurukaruka. Springi mpya zenye mkunjo sahihi ni bora kuliko bloku kila upande.

Springi zikishainuka, fuatilia na haya:

- Mipira ya breki: ekseli ikining'inia kabisa, mpira usikaze hata kidogo. Ukikaza, weka mrefu zaidi.
- Shokapu: springi ikibonyea hadi kwenye raba ya kizuizi, shokapu ibaki na sentimita 2 au 3 za mwendo. Ikifika mwisho kabla ya raba, itapasuka au itang'oa kishikio chake.
- Propela shafti: angalia kama sehemu inayoteleza bado imeingia vya kutosha ekseli ikining'inia, na kama krosi (jointi zake za mwisho) hazigongi kwenye pembe.
- Mpira wa kupumulia wa difu: urefushe na uupeleke juu, maji yasiingie.

Nitajuaje tairi litagusa wapi kabla ya kununua yote manne?

Azima moja. Lifunge mbele upande wa dereva kwenye rimu utakayotumia, kwani rimu nyingine itakupa jibu la uongo. Weka jeki chini ya ekseli karibu na springi ya upande huo, pandisha hadi springi iguse raba ya kizuizi, na weka stendi kabla hujaingiza mkono popote. Sasa zungusha usukani hadi mwisho kulia, halafu kushoto, taratibu, huku mtu mwingine akiangalia kwa tochi. Kila panapogusa weka alama ya chaki.

Mara nyingi utakuta alama tatu: kona ya nyuma ya bampa la mbele, mshono wa bati chini ya ukuta wa miguu ya dereva, na springi yenyewe upande wa ndani usukani ukiwa umekata mwisho. Ya tatu haitibiki kwa kuinua gari hata ukipandisha inchi kumi. Dawa yake ni rimu yenye ofseti tofauti (inayolisogeza tairi nje, imeelezwa hapo chini), tairi jembamba, au kurekebisha bolti za kikomo cha usukani, na hiyo ya mwisho inakula uwezo wa gari kukata kona.

Rudia zoezi ekseli ikiwa imelala: upande mmoja juu, mwingine umening'inia. Ekseli ikilala hivyo tairi huingia kwenye madigadi kwa pembe, na hugusa mahali ambapo gari likiwa sawa hapaguswi.

Madigadi nikate vipi bila kuharibu?

Chomoa betri. Fungua plastiki za ndani uone nyaya zinapita wapi. Kwenye magari mengi kuna mafungu ya waya nyuma ya bati la mbele. Chora mstari sentimita 2 kutoka alama ya chaki, kata kwa diski nyembamba, kisha piga faili makali yote, maana bati lenye ncha hupasua ubavu wa tairi. Paka praima siku hiyohiyo. Ule mshono ulio chini ya miguu ya dereva usiukate ovyo. Ukunje kwa nyundo ulale bapa, na kama lazima ukatwe, uchomelewe tena. Unashikilia mabati mawili ya kebini.

Kuinua bodi peke yake kwa vipande kati yake na chesisi kunafaa?

Kunafaa kama nyongeza ya inchi 1. Kuanzia inchi 2 unaanza kushughulika na shafti ya usukani, mpira wa kujazia mafuta, kikinga cha feni kilichohama kutoka kwenye feni, na rodi za gia. Inchi 3 hulemea sana bolti za bodi, hasa pale ambapo chuma kimeshakula kutu.

Rimu ya upana gani, na ofseti gani?

Tairi la 33x10.50R15 linataka rimu ya inchi 7 hadi 9. La 33x12.50R15 linataka inchi 8.5 hadi 11. Kwa mawe, chagua rimu iliyo upande mwembamba wa kiwango hicho: mdomo wa tairi hushika vizuri zaidi ukishusha upepo, na rimu haitokezi nje kupigwa na jiwe.

Ofseti ni umbali kati ya katikati ya rimu na uso unaokaa kwenye hobu. Rimu ya inchi 8 yenye inchi 3.75 kutoka uso huo hadi ukingo wa ndani huwa na ofseti ya karibu hasi 19 mm, kwa kuwa upana wake halisi, kingo zikihesabiwa, ni inchi 9 na nusu yake ni 4.5. Ofseti hasi hulitoa tairi mbali na springi, jambo zuri, lakini pia huliongezea usukani teke kila tairi linapogonga jiwe, na huongeza mzigo kwenye beringi. Ukienda hasi zaidi ya 25 mm kwenye pikapu nyepesi, utakuwa unakaza beringi mara kwa mara.

Na speza, vile vipande vya kukaa kati ya hobu na rimu?

Zinafanya kazi kama zimetengenezwa kukaa katikati ya hobu na zina stadi zake zenyewe. Zile bapa za kuchomeka tu kwenye stadi za gari ziache, kwa sababu hupunguza nyuzi zinazoshika nati. Kipimo cha haraka: stadi ya M12x1.5 inataka nati iingie angalau mizunguko 8 kamili kabla ya kukaza. Ikipungua hapo, usiendeshe.

Lazima nibadilishe gia za difu?

Kwa inchi 31 hapana. Kwa inchi 33 gari litakwenda, ila gia ya tano itakuwa pambo na klachi itateseka kwenye kila jiwe. Kwa inchi 35 ni lazima.

Hesabu yake: uwiano wa sasa wa difu (propela huzunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa gurudumu) mara kipenyo kipya, gawanya kwa kipenyo cha zamani. Gari la 4.10 lenye tairi la inchi 28.9 likiwekewa 33 linahitaji 4.68 ili kurudi lilipokuwa. Kwa difu ya Toyota ya inchi 8 uwiano ulio karibu ni 4.56 na 4.88, na kwa mawe chukua 4.88.

Angalia inavyokuja kwenye 4L, yaani 4WD ya mwendo wa polepole inayotoka kwenye transfa, gia boksi ya pili. Gia ya kwanza ya 3.95, transfa ya 2.28 na difu ya 4.10 huzidishwa kuwa 36.9. Ukiweka 4.88 unapata 43.9. Kwa kutambaa kweli hiyo bado ni ndogo, ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa dhati hubadilisha gia za ndani ya transfa kuwa 4.7, na jumla hufika 90 na ushee. Gari linapanda jiwe injini ikiwa karibu kulala, bila kugusa klachi. Kama bajeti inaruhusu kazi moja tu na gari halitembei sana barabara kuu, gia za transfa zitakusaidia zaidi mawe yakianza.

Krauni na pinioni hubadilishwa mbele na nyuma kwa pamoja, uwiano uleule. Ukisahau ya mbele, 4WD itavunja kitu siku ya kwanza. Mpe fundi mwenye geji ya kupima uchezaji wa meno na rangi ya kuonyesha yanapogusana. Difu iliyofungwa kwa kukisia huanza kulia mapema. Baada ya kufunga, endesha dakika 15 hadi 20 bila mzigo, acha ipoe kabisa, rudia mara kadhaa, nenda polepole kwa kilomita 800 za mwanzo, kisha mwaga oili.

Mshale wa spidi utadanganya kiasi gani?

Kutoka 28.9 hadi 33, tofauti ni asilimia 14: ukisoma 100, unakwenda 114. Kilomita zinazohesabiwa nazo hupungua kwa asilimia 12 hivi, kwa hiyo oili itakaa zaidi ya muda wake na matumizi ya mafuta yataonekana mabaya kuliko yalivyo. Kwenye magari ya kebo, gia ndogo ya plastiki iliyo kwenye transfa hubadilishwa kwa yenye meno tofauti. Ukiweka difu za 4.88, kosa lote karibu linaisha lenyewe.

Breki zitatosha?

Za kiwandani zilipigiwa hesabu ya tairi dogo. Kwa inchi 33 unahitaji asilimia 14 zaidi ya nguvu kusimamisha gari lilelile, na tairi lenyewe la matope huwa zito zaidi kwa kilo kadhaa kila gurudumu. Anza na yasiyo na gharama kubwa: diski zisizopinda, pedi nzuri, mafuta mapya ya breki, na breki za nyuma zilizokazwa sawasawa.

Kuna kitu kimoja ambacho mafundi wengi hukipita. Pikapu nyingi zina vali ya breki za nyuma yenye fimbo inayosoma umbali kati ya ekseli na chesisi. Ukiinua gari, fimbo hudhani bodi ni tupu na hupunguza breki za nyuma. Pandisha kishikio cha fimbo upande wa ekseli kwa kiasi kilekile ulichoinua springi. Watu hununua kalipa kubwa za mbele kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kipande cha chuma na bolti mbili.

Usukani umekuwa mzito na gari linatangatanga. Nini tatizo?

Kutangatanga mara nyingi ni kasta iliyopungua, yaani ile pembe ya kulalia nyuma inayolifanya gurudumu lijinyooshe. Sheko (vishikio vya mwisho wa springi) ndefu zilizofungwa mbele huilaza ekseli na kupunguza kasta. Kabari za chuma kati ya springi na ekseli huirudisha, lakini pembe ya pinioni hubadilika nayo, kwa hiyo weka digrii 2 au 3 tu kisha angalia krosi za propela.

Kama usukani unatikisika kwa nguvu ghafla ukipita shimo kwenye mwendo wa 60 hadi 80, usiifiche kwa shokapu ya usukani. Tingisha kila tairodi kwa mkono, kagua beringi za vichwa vya ekseli (sehemu zinazogeuka na gurudumu ukikata kona), beringi za magurudumu, bushi za springi na balansi, kwa mpangilio huo.

Kagua pia chesisi pale stelingi boksi ilipofungwa. Tairi kubwa lililobanwa kati ya mawe mawili huku dereva akilazimisha usukani hupasua chuma hapo, na ufa huanza kwenye tundu la bolti. Osha, sugua rangi, angalia kwa tochi. Ukiuona, toboa tundu dogo mwisho wa ufa, uchomelee na uongeze bamba.

Pikapu yangu ina sivi jointi mbele badala ya ekseli moja. Nifanyeje?

Ishia 33, tena bora iwe 10.50. Kukaza toshenibaa (fimbo zinazojipinda badala ya springi) kunanyanyua pua ya gari, lakini mwendo wa kushuka unakwisha na sivi jointi zinafanya kazi kwenye pembe kali. Buti zitapasuka, mchanga utaingia, na jointi itafuata. Ukikaza, usizidi kama inchi 1 na nusu. Tairodi na mkono wa usukani ndivyo vitakavyolegea mapema.

Nini huvunjika kwanza?

Kwenye ekseli ya mbele ya Hilux ni jointi ya Birfield, inayopeleka nguvu kwenye gurudumu huku likigeuka, na karibu kila mara ni kwa namna moja: usukani umekata mwisho, gurudumu limebanwa, dereva amekanyaga mafuta. Nyoosha usukani kidogo kabla ya kuomba nguvu. Gari likianza kurukaruka kwenye mteremko, toa mguu mara moja. Gurudumu linalotua likiwa linazunguka hupiga pigo moja linalovunja kilichohimili siku nzima. Difu loki, inayolazimisha magurudumu mawili ya ekseli kuzunguka pamoja, hupunguza vurugu hizo, ila loki ya mbele ikiwa imefungwa huku umekata kona huzibana Birfield vilevile.

Kitu kingine ni stadi za mikono ya usukani juu ya vichwa vya ekseli. Hulegea kimyakimya. Zikaze kabla ya kila safari ya mawe.

Upepo nishushe hadi ngapi?

Kwa rimu za kawaida, psi 15 ni pa kuanzia kwenye mawe, na 12 kwa gari jepesi. Chini ya 10 mdomo wa tairi huachia. Rimu za bidiloku, zenye pete ya bolti inayobana mdomo wa tairi, hukuruhusu kwenda 5 hadi 8. Tairi lililolegea hulikumbatia jiwe badala ya kuliparua, kwa hiyo kabla ya kununua chochote kingine nunua geji sahihi ya upepo wa chini na kompresa. Usizidi kilomita 30 kwa saa kwenye upepo huo. Ubavu hupata moto na kuharibika kwa ndani bila alama.

Kwa barabarani, chora chaki upana mzima wa tairi, endesha mita 50 mahali palipo bapa, uone ilivyofutika. Ikifutika katikati tu, punguza. Ikifutika pembeni, ongeza.

Tairi limetoka kwenye rimu porini. Nalirudishaje?

Pandisha gurudumu, safisha mchanga kwenye midomo yote miwili, paka maji ya sabuni. Zungusha mkanda wa kufungia mzigo katikati ya meno ya tairi na uukaze hadi mbavu zitanuke. Toa sindano ya valvu ili upepo uingie kwa wingi, jaza hadi usikie milio miwili ya midomo ikikaa kwenye rimu, legeza mkanda mapema, rudisha sindano. Ule mtindo wa kuwasha petroli au gesi ndani ya tairi umeshaunguza na kuua watu, usiufanye.

Spea iwe ya saizi ileile?

Ndiyo. Haitaingia chini ya gari, kwa hiyo ifunge kwenye bodi, mbele kabisa na chini iwezekanavyo. Spea ndogo nyuma yenye difu loki, au popote ukiwa kwenye 4WD, hupingana na gia kila mita unayokwenda.

Matairi ya mtumba ni sawa?

Kwa mawe, ndiyo, ukikagua. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kunja meno kwa kidole gumba. Mpira mgumu wenye nyufa kwenye mizizi ya meno hautashika jiwe hata kina kikiwa kizuri. Pitisha mkono ndani ya tairi utafute viraka vya ubavuni. Kwa gari jepesi tafuta daraja la ubebaji mzigo C badala ya E, kwani ubavu wa E haukunji vya kutosha chini ya uzito mdogo.

Sheria?

Hutofautiana, hasa kuhusu urefu wa kuinua na tairi kutokeza nje ya madigadi. Uliza mamlaka ya ukaguzi na kampuni yako ya bima kabla ya kukata, si baada.

Nimeshafunga. Nikague nini na lini?

Nati za M12x1.5 kaza kwa toki spana kati ya 100 na 115 Nm, au kama kitabu cha gari kinavyosema, kwa mtindo wa nyota, gurudumu likiwa hewani kwanza kisha chini. Rudia baada ya kilomita 80 hadi 100. Yubolti za springi rudia siku hiyohiyo, kwani springi mpya hujipanga na kuzilegeza. Baada ya safari ya kwanza ya mawe pandisha mbele, shika tairi juu na chini ulitikise: mchezo wowote ni beringi au kichwa cha ekseli. Kisha lala chini uangalie alama za kusuguliwa. Alama yenye kung'aa kwenye springi au mpira wa breki ishughulikie kabla gari halijatoka tena.